Naomba ushauri: muda wa ndege kati ya viwanja viwili vidogo

Ndugu wanachama, salaam. Namsafirisha mama yangu, ambaye hutembea kwa mkongojo, kutoka kiwanja kidogo cha mkoani hadi kingine cha aina hiyo, ambako atabadilisha ndege baada ya dakika 50 tu.

Nilichukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, nikakokotoa umbali kwa kufuata mviringo wa dunia, nikapata kilomita 410, yaani maili 221 za baharini. Kwa kuwa ndege ni ATR 72 ya mapangaboi, yenye mwendo wa karibu kilomita 500 kwa saa ikiwa angani, nilitarajia dakika 49. Tiketi inaonyesha saa 1 na dakika 20 kwenda, na saa 1 na dakika 5 kurudi, ilhali viwanja vyote vinatumia majira yaleyale.

Naelewa kwamba muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama, na kwamba inapopanda na kushuka mwendo hupungua. Tofauti ya kwenda na kurudi ndiyo inayonitatiza, kwani kwa hesabu yangu ingehitaji upepo wa kilomita 75 hivi kwa saa, njia nzima.

Je, ni nini kingine huongeza dakika hizo 15? Na je, kwa mtu anayetembea polepole, dakika 50 zinatosha, au nimtafutie ndege ya baadaye? Nitashukuru sana.