Kisomo, kombe na tiba ya fikra na tabia: je, vinagongana?

Kaka wa Malindi (Unguja)
Assalaam alaykum. Miezi minane iliyopita dada yangu alishikwa na hofu ya ghafla ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam: moyo ulimwenda mbio, pumzi zikambana, akaamini kwamba anakata roho, ingawa vipimo havikuonesha ugonjwa wowote wa moyo. Tangu hapo hajapanda boti. Nyumbani anafanyiwa kisomo cha Qur'ani na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, na sasa mshauri wa afya ya akili amemwanzishia tiba ya fikra na tabia. Bibi yetu anasema kuchanganya dawa kunaziharibu zote. Je, aache kimojawapo?

Mnasihi
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Sioni sababu ya kuacha kisomo. Tiba hii, ambayo daktari Aaron Beck aliijenga nchini Marekani katika miaka ya 1960 baada ya kuona jinsi wagonjwa wake wa sonona walivyopitiwa na fikra za haraka ambazo hawakuwa wakizihoji, haimuulizi mtu anamwabudu vipi Mola wake. Humuuliza anaufasiri vipi mpigo wa moyo wake. Dada yako akijiambia "nakufa", hofu huzidi, moyo nao huongeza kasi, na kasi hiyo anaichukua kuwa ushahidi. Njia ya kutoka hapo ni kukikaribia kinachoogopwa hatua kwa hatua: leo afike gatini na kukaa mpaka hofu ishuke yenyewe, siku nyingine aingie katika boti iliyotia nanga, na baadaye asafiri.

Ninachokitazama mimi ni kazi inayofanywa na kombe. Likimpa utulivu wa kutoka nyumbani, limesaidia. Akianza kubeba chupa yake kila aendako, akiamini kwamba bila hiyo angekufa, hatajua kamwe kwamba hofu ingeshuka hata angekuwa mikono mitupu. Na hata chupa ya maji ya dukani ingeweza kumfunga vivyo hivyo. Ikiwa anapewa pia mitishamba huku akimeza vidonge vya hospitali, daktari aambiwe, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadilisha nguvu ya dawa.

Mama wa Pemba
Mimi nilikuwa na wasiwasi wa udhu, nikitawadha na kurudia mpaka wakati wa swala unanipita. Mshauri aliponiagiza nitawadhe mara moja tu na kuivumilia shaka, nilimwona anaichezea dini yangu. Aliyenituliza ni mwalimu wangu wa chuoni, kwa kanuni ya fikihi isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka. Agizo lilikuwa lile lile, ila kwa mwalimu niliweza kulisikia.

Kaka wa Malindi
Ahsanteni. Jumamosi tunakwenda gatini bila chupa. Bibi naye anataka kufuatana nasi.

Mnasihi
Aje. Safari ya pili abaki nyumbani.