Naomba ushauri: namna salama ya kutoa petroli ya zamani kwenye tangi la Datsun 240Z

Mwanzisha uzi, Upanga
Wakuu, habari za wakati huu. Marehemu baba alituachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, ambayo kwa miaka mingi imefunikwa turubai hapa nyumbani bila kuwashwa. Ni gari la aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, na baba alilipenda kwa sababu hiyo, kwa hiyo ningependa litembee tena. Tangi lake huchukua takriban lita 60 na linaonekana kuwa na zaidi ya nusu; nikifungua kifuniko, harufu inayotoka ni ya vanishi, si ya petroli niliyoizoea. Fundi wetu anataka kuyanyonya mafuta kwa mpira na mdomo, kisha alishushe tangi na kuchomelea sehemu inayovuja. Je, utaratibu huo unafaa? Na mafuta hayo niyapeleke wapi?

Mchangiaji, Tegeta
Ndugu, pole kwa msiba wa mzee. Suala la mdomo likatae kabisa. Petroli ikimpitia mtu kwenye njia ya hewa, hata kiasi kidogo, huunguza mapafu, na ile desturi yetu ya kumpa maziwa au kumtapisha huongeza hatari, kwa sababu akitapika mafuta hupita tena karibu na koo la hewa. Anayemeza apelekwe hospitali moja kwa moja.

Tumia pampu ya mkono iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Usitegemee pampu ya gari, kwani kwenye 240Z huendeshwa na injini yenyewe.

Fundi, Gerezani
Namuunga mkono aliyetangulia, nami naongeza jambo la boliti. Tangi hilo lina boliti ya kumwagia mafuta upande wa chini, lakini usianze nayo: ukiilegeza wakati tangi lina lita 30 au 40, mafuta yatakumwagikia mkononi kwa nguvu na hutaweza kuirudisha kwa urahisi. Punguza kwanza kwa pampu kupitia juu, kisha ifungue boliti ili itoke sehemu ya mwisho, ambayo ndiyo yenye maji na kutu, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli na hutulia chini. Kwa unyevu wa pwani yetu, usishangae ukikuta maji mengi kuliko ulivyodhani. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache itulie, utaona mpaka kati ya maji na mafuta.

Fanya kazi hiyo nje, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini na kujikusanya kwenye mashimo na mitaro, na unaweza kuufikia moto wa jiko la mkaa la jirani ambalo wewe hulioni. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote. Gari likae juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Madumu yawekwe chini ardhini wakati wa kujaza. Na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu. Namba ya Zimamoto ni 114. Tuliyoyaona Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu, yanatosha kutukumbusha kwamba petroli iliyo wazi haimpi mtu muda wa kukimbia.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Fundi anasisitiza kwamba tangi likishakuwa tupu kuchomelea hakuna hatari.

Fundi, Gerezani
Hapo ndipo ninapomwomba asikubaliane na mazoea. Tangi tupu ni la hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa halina nafasi ya mvuke kuchanganyika na hewa, ilhali tupu lina mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi, maana mabaki hujificha ndani ya kutu na kwenye mikunjo ya bati, na yakipata joto la kuchomelea hutoa mvuke upya. Usimruhusu alichomelee. Tafuta tangi jingine, au umpe mtaalamu wa matangi mwenye vifaa vya kuondoa mvuke.

Mchangiaji, Mbezi
Kuhusu mafuta yenyewe, usiyatie kwenye jenereta wala pikipiki, kwa sababu utomvu wake utaziba kabureta. Wala usiyamwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu huishia baharini. Yahifadhi kwenye madumu yaliyofungwa, mbali na jiko, na waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakuelekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi.

Baada ya hapo badilisha chujio la mafuta na mipira yote, kwani ya umri huo hupasuka ikikunjwa, na usafishe bakuli za kabureta zote mbili. Weka lita 5 tu za petroli mpya, kagua kila kiungo kwa mkono na kwa pua, ndipo urudishe waya wa betri.