Tupeane uzoefu: albamu ya zamani ya Hatsune Miku uliyoirudia ikakushika

Mwanzisha uzi:
Wakuu, jana nilikuwa nasafisha diski ya zamani nikakutana na Re:package, albamu ya kundi la livetune aliyoimba Miku, ile ya Agosti 2008. Nimeisikiliza yote nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Sauti ya Miku, yule mwimbaji wa Kijapani wa kwenye kompyuta, ni ile ile, nyembamba, inayotetemeka ikipanda juu. Nani mwingine ameirudia? Tupeane.

Kitunguu Majani:
Mimi hapa. Arusha, kafe ya intaneti, 2010. Nilikuwa naandika maneno yake kwenye daftari la hesabu kwa herufi zetu. Silabi nyingi za Kijapani zinaishia na irabu kama za kwetu, basi niliimba vizuri kabisa bila kujua maana hata ya neno moja. Juzi nimeiweka tena, mdomo ukaimba wenyewe.

Mzee wa Taarabu:
Samahanini, lakini hicho ni kinanda. Mwimbaji lazima avute pumzi.

Kitunguu Majani:
Mzee wangu, sauti ni ya Saki Fujita, mtu mwenye pumzi zake. Walimrekodi vipande vipande, kampuni ya Crypton wakaitoa kama programu Agosti 2007. Halafu kz, mtunzi wa livetune, akakaa kupanga noti moja moja.

Mzee wa Taarabu:
Kurekodiwa vipande si kuimba.

Wa Tangu 2007:
Na tuwekane sawa. Ya kwanza si ya 2008. livetune waliiuza wenyewe Comiket, soko la kazi za mashabiki kule Tokyo, Desemba 2007. Ya kampuni ya muziki ya Victor ilifuata.

Mwanzisha uzi:
Ya Victor ndiyo iliyofika nafasi ya 5 kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Bila hiyo wengi wetu tusingeisikia.

Wa Tangu 2007:
Kufika chati hakubadilishi ipi ilizaliwa kwanza.

Msafiri wa Sapporo:
Naomba niandike, nimekaa nalo miaka mingi. Februari 2010 nilikuwa mwanafunzi Sapporo. CD niliinunua duka la mitumba, kasha lake limepasuka kona. Usiku kaka akanipigia: Baba hatunaye. Nauli sikuwa nayo, na kwetu maiti haisubirishwi. Walimzika kesho yake saa kumi alasiri. Kwangu ilikuwa saa nne usiku. Saa hiyo nikabonyeza redio, CD iliyokuwamo ni hiyo. Nikakaa chini, mgongo kwenye hita ya mafuta ya taa, nikaiacha ijirudie hadi mafuta yakaisha. Miku anaimba tu, kwa furaha ile ile, haniulizi kitu. Asubuhi nikatoka bila kujua naenda wapi, nikajikuta kwenye Tamasha la Theluji, mbele yangu sanamu yake ya theluji, watu wanapiga picha. Kampuni iliyomtengeneza iko mji ule ule. Nikalia mbele za watu. Bibi mmoja akanishikisha pakiti ya tishu, akainamisha kichwa, akaenda zake. Sikuigusa tena mpaka wiki iliyopita. Wimbo wa kwanza nimeuzima haujafika hata nusu dakika.

Mama Wawili:
Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Pole sana ndugu yangu. Nimesoma mara mbili.

Kitunguu Majani:
Pole mkuu. Usiisikilize peke yako, kaa na mtu.

Wa Tangu 2007:
Mimi naona kinyume. Funga mlango, iache iishe yote, ulie umalize. Pole sana.

Dereva wa Usiku:
Anzia wimbo wa mwisho urudi nyuma. Mimi ndivyo nilivyofanya na kanda za marehemu mama, na ilinisaidia kweli.

Mama Wawili:
Au asiiweke kabisa. Si lazima.

Mzee wa Taarabu:
Mwanangu, pole. La pumzi nimesimama palepale. Baba yako nimemsomea Fatiha baada ya magharibi.

Msafiri wa Sapporo:
Ahsante sana, mzee wangu. Amina.

Kitunguu Majani:
Lile kasha bado unalo?

Msafiri wa Sapporo:
Ninalo. Niligundisha ile kona, gundi imegeuka njano. Pakiti ya tishu nayo imo humo ndani, imebaki na tishu mbili.