Naomba ushauri: Reflektor ya Arcade Fire, niinunue au niiache?

Habari zenu wadau. Kwenye vibanda vya santuri pale Kenyatta Market nimeiona Reflektor, albamu ya Arcade Fire, bendi ya roki ya Kanada, na muuzaji amekubali kuniwekea hadi Jumamosi. Bei imechangamka, ndiyo maana nawauliza kabla sijatoa pesa.

Albamu ilitoka 2013, sahani mbili, zaidi ya dakika 70. James Murphy wa bendi ya LCD Soundsystem alishirikiana nao kuitayarisha. Sahani ya kwanza naipenda kwelikweli. Wimbo unaobeba jina la albamu una sauti ya David Bowie, lakini unaonimaliza ni “Here Comes the Night Time”: mdundo wa rara (muziki wa maandamano ya mitaani) wa Haiti, nchi ya wazazi wa Régine Chassagne, mwimbaji wa bendi hiyo, unaanza kwa kasi, unapoa na kwenda kwa madaha, halafu karibu na mwisho ngoma zinalipuka tena. Ukiusikia kwenye spika nzuri hukai kitini.

Sahani ya pili ndiyo inayonitatiza. Nyimbo zinavutwa mno, na “Supersymmetry” inaishia kwa dakika kadhaa za milio tu. Binamu yangu anashikilia kwamba huo ndio uzuri wake, niisikilize usiku taa zikiwa zimezimwa. Mimi naona walihitaji mtu wa kuwapunguzia.

Mliokaa nayo miaka, je, sahani ya pili hukolea baadaye? Na mwenye santuri anieleze besi inasikikaje. Ama nitafute tu albamu yao Funeral ya 2004, ambayo sirukishi wimbo hata mmoja?