Gereza la Fremantle, Australia: ziara ipi kwa nusu siku?

Msafiri_Tanga: Wakuu, tutapita Perth na tuna nusu siku tu ya kuliona Gereza la Fremantle. Tupo watu wazima wawili na mtoto wa miaka 10. Tunachotaka hasa ni enzi ya wafungwa waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza. Tukate tiketi ipi? Na mtoto anaweza kuingia mahandakini?

Mawe_ya_Chokaa: Mahandakini hapana, umri unaanzia miaka 12. Mnashuka ngazi za wima mita 20 mkiwa mmefungwa mikanda ya usalama, kisha sehemu ya njia mnapiga kasia majini. Wanawapima pombe kwanza, ukizidi asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu hushuki. Inakula saa mbili na nusu, na wala si enzi unayoitafuta: meli ya mwisho ya wafungwa ilifika 1868, mahandaki yalichimbwa miaka ya 1890 ili mji upate maji.

BiMwana: Chukueni ziara ya wafungwa wa kusafirishwa. Sehemu ya lango kuu ni bure, ila ndani kwenyewe lazima muongozwe. Wengi hukosea hapa: wanaona selo pana wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Jengo hili wafungwa walilijenga wenyewe, 1852 hadi 1859, kwa mawe waliyoyachimba papo hapo, na lilitumika mpaka 1991. Selo ya awali ilikuwa mita 1.2 kwa 2.1 hivi, mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Zile pana ni mbili zilizobomolewa ukuta wa kati. Vyoo havikuwekwa kamwe seloni, ndoo zilitumika hadi siku gereza lilipofungwa. Mwombeni mwongozaji awaoneshe selo ya James Walsh, mfungwa wa enzi hiyo aliyekuwa mchoraji: michoro yake ukutani ilifichwa chini ya chokaa hadi 1964. Kwangu mimi hakuna kitu pale kinachoipita.

Mawe_ya_Chokaa: Naungana na Bi Mwana. Ongezeni hili kwa ajili ya mtoto: kuna chumba cha kunyongea, watu 44 waliuawa humo, wa mwisho 1964. Ulizeni mapema kama ziara yenu inapita hapo, mwambieni mtoto kabla hamjafika mlangoni.

Kipwani: Treni kutoka Perth ni kama nusu saa, halafu mnatembea dakika 10. Kuanzia Desemba hadi Februari nendeni asubuhi, zile nyua hazina kivuli.