Moshi: Baiskeli ikigongwa, polisi wanataka majeruhi akamkamate dereva mwenyewe?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, anayetaka lugha laini apite tu.

Hivi kazi ya trafiki wa hapa Moshi ni nini hasa? Jirani yangu, mzee wa makamo anayefuga ng'ombe wawili wa ndani huku Pasua, ameangushwa mtaroni na Hiace ya abiria mchana kweupe. Hadi leo anayehangaika ni yeye. Gari linapiga tripu zake kama kawaida.

Mnaoijua barabara ya TPC mnawajua watu wa majani. Asubuhi wanashuka na baiskeli tupu, baadaye wanapanda na furushi la majani ya ng'ombe limefungwa kwa mpira kwenye karia, pana kuliko mwendeshaji mwenyewe. Hawana haraka na mtu. Mzee alikuwa kushoto kabisa, pembeni ya lami. Hiace ikaja kwa nyuma inakimbizana na mwenzake, kisa abiria waliosimama mbele, saitimira ikakamata furushi, mzee na baiskeli na majani yake wote wakaishia mtaroni. Na mitaro yetu ni ya mawe. Kiwiko kilichubuka mpaka nyama ikaonekana, rimu ya nyuma ikajikunja kama nane. Konda akatoa kichwa dirishani: "Meku, peleka majani yako shambani!" Wakaondoka. Hata breki hawakugusa.

Sasa sikilizeni vituko vya kituoni. Kituo sikitaji, wenyewe wanajijua.

Afande wa kaunta anauliza, "Majeruhi yuko wapi?" Kaonyeshwa kiwiko. "Aa, huyu mbona mzima." PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, tulipewa, hapo sina neno. Tukaomba jalada lifunguliwe. "Dereva mnaye?" Hatunaye, afande, amekimbia, ila namba ya gari hii hapa na video ipo. Maana duka moja la rangi pale kando lina kamera inayoangalia barabarani, na mwenye duka, Mungu ambariki, alitupa kipande chote. Kibao cheupe cha gari la biashara, namba inasomeka yote. Afande hata simu yenye video hakuishika. "Namba siyo dereva. Video pelekeni Instagram. Mtafuteni dereva, mkimpata mtupigie."

Yaani mtu mwenye mkono umefungwa bandeji aende stendi akamkamate dereva wa daladala katikati ya makonda na wapiga debe!

Tulienda, tungefanyaje. Gari tukalikuta linapakia. Dereva aliyekuwepo akasema siku ile gari alikuwa nalo deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku. Deiwaka gani? Hamjui jina. Tukampigia mwenye gari, naye hamjui. Gari la mamilioni unamkabidhi mtu usiyemjua jina? Na hesabu ya jioni ulipokea kutoka kwa nani, jini? Tuliporudi kituoni na habari hizo, afande mwingine akatuvuta pembeni, tuyamalize kiutu uzima, tajiri mwenye gari yuko tayari kutoa elfu ishirini. Elfu ishirini ya bandeji, ya rimu, au ya siku ambazo mzee hajaenda kukata majani na ng'ombe wanalia bandani?

Kinachoniuma ni hiki. Tochi ya kupima mwendo wote tunaijua. Askari anajibanza chini ya mti, anakupiga picha umezidisha 50 kwenye makazi, anamrushia mwenzake WhatsApp, huko mbele unasimamishwa na kuonyeshwa picha, unaandikiwa 30,000. Usipolipa, deni linakaa kwenye namba ya gari. Ingia kwenye mfumo wa polisi wa faini, andika namba ya gari yoyote, madeni yanatoka hapo hapo. Kwenye faini, picha ni ushahidi na namba inatosha. Mtu akimwaga damu barabarani, picha hiyo hiyo inakuwa mambo ya Instagram.

Na mwenye gari hafichiki. Daladala ina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, yenye jina la mmiliki wake, ina bima. Ni simu moja tu: leta gari kituoni pamoja na aliyekuwa analiendesha saa fulani. Deiwaka angekumbukwa jina kabla ya saa sita mchana.

Kuna watakaosema hayo ni ya Ulaya. Sawa, twendeni Ulaya. Uingereza, polisi wa West Midlands mwaka 2016 walianza kumpandisha askari baiskeli akiwa amevaa kiraia. Gari likimpita karibu mno, anamwita mwenzake wa mbele kwa redio, dereva anasimamishwa. Hata kumgusa hajamgusa! Mwongozo wao wa barabarani sasa unamwambia dereva amwachie mwendesha baiskeli angalau mita 1.5. Tofauti ya mbinu hiyo na tochi yetu iko wapi? Mmoja nyuma anaona, mwingine mbele anasimamisha. Mnaijua kazi hii, mnaifanya kila siku, ila kwa mambo mnayoyataka nyie.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ipo tangu 1973. Dereva aliyehusika kwenye ajali anatakiwa asimame na taarifa ifike polisi. Kukimbia peke yake ni kosa, hata kabla hujagusa habari ya uzembe. Halafu bima ya lazima ipo kwa ajili ya watu kama huyu mzee, lakini bila ripoti ya polisi hakuna kampuni ya bima itakayokusikiliza. Kwa hiyo kaunta inapokataa kufungua jalada inamnyima na hela ya matibabu. Ndiyo maana elfu ishirini zinatolewa haraka hivyo.

Mji wenyewe ndio huu tunaojisifia usafi. Tupa chupa ya maji pale mjini uone watu wa usafi watakavyokuibukia, hujui hata walikojificha. Ila ukimtupa binadamu mtaroni, unaendelea na safari.

Najua majibu yanayokuja. Baiskeli hazina taa, watu wa majani wanaziba barabara, wengine wanaendesha wamelewa mbege. Wapo, wakamatwe, sijakataza. Huyu alikuwa mchana, kushoto, mkavu. Na wewe utakayesema apite njia ya baiskeli, nionyeshe iliko. Pembeni ya lami ndiko daladala zinashusha abiria na bodaboda zimepaki.

Sisi hatuyamalizi. Barua inaandikwa kwenda kwa RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, nakala kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, video imewekwa kwenye flashi na PF3 imeambatanishwa. Ninachoomba kwenu ni msaada wa vitu viwili. Aliyewahi kufunguliwa jalada dhidi ya dereva aliyekimbia, akiwa na namba ya gari tu mkononi, aseme alianzia mlango upi na alimkabidhi nani video. Na kama kuna mwanasheria humu, atueleze mwenye gari akiendelea kusema hamjui deiwaka wake, tunaweza kumshtaki yeye kwa madai?

Wa kunishauri nimwachie Mungu, asipoteze bando lake.