Wakulima wanahudhuria mafunzo ya mboji, wakirudi kwao hakuna anayetengeneza

Kijana_wa_Ugani:
Wakuu, habari za muda huu. Nafundisha kikundi cha wakulima wadogo kutengeneza mboji. Siku ya mafunzo mambo safi: wanaandika, wanauliza, tunapanga lundo pamoja. Nikipita mashambani baadaye, kimya. Wachache waliojaribu wanasema lundo halikupata moto, au linanuka. Mmoja kaniambia majani ya nyanya zake yaliharibika baada ya kuweka samadi. Vipimo ninavyowapa ni vya kitabuni: kaboni 30 kwa naitrojeni 1, unyevu asilimia 50 hadi 60. Tatizo ni somo au watu hawataki tu?

Mama_Vitalu:
Mdogo wangu, hiyo "30 kwa 1" ibaki kwenye daftari lako. Mkulima ataipimia nini? Mimi nahesabu kwa ndoo: mbili hadi tatu za vikavu (mabua, majani makavu), ndiyo kaboni yako, kwa moja ya samadi au majani mabichi, ndiyo naitrojeni. Mabua yakatwekatwe, marefu hayaozi upesi. Chini kabisa tandika vijiti vinene hewa ipite. Lundo lisipungue mita 1 kila upande, la sivyo joto lote linatoroka.

Unyevu ni kiganja. Chota konzi, kamua. Tone moja mawili yakichungulia vidoleni, sawa. Yakitiririka, ongeza vikavu. Kiganja kikibaki kikavu, mwagia maji.

Halafu fimbo, na hapa ndipo watu wangu huamka. Chomeka fimbo ndefu iliyonyooka mpaka katikati ya lundo, iache humo. Baada ya siku chache ichomoe, ishike upande uliokuwa ndani. Ikiwa ya moto mpaka unaiachia, kazi inaendelea. Vuguvugu na kavu, lundo lina kiu. Baridi, imelowa na inanuka mayai viza, hewa hamna, geuza. Ukisikia harufu ya mkojo inayowasha macho, samadi imezidi na naitrojeni yako inaruka hewani, changanya vikavu.

Kugeuza nako waeleze sababu yake, maana ndiyo kazi wanayoikwepa. Mbegu za magugu na vimelea vingi hufa ndani kwenye nyuzi 55 na kuendelea zikidumu siku kadhaa, lakini pembeni hakufiki huko. Usipogeuza, cha pembeni hakipiti motoni.

Na usiwaonyeshe lundo zuri peke yake! Mimi hupanga mawili, moja nalinyima maji kwa makusudi, kisha nawakabidhi fimbo na kukaa pembeni. Wabishane wao mpaka waseme linaumwa nini. Aliyeligundua mwenyewe hahitaji daftari.

Jembe_Butu:
Dada kasema vizuri, ila mmeruka jasho. Mboji ni kubeba: maji, nyasi, samadi, kisha kuirudisha shambani. Ukifundishia nyumbani kwa mwenyekiti na shamba liko mbali, umeshawapoteza. Lundo lipangwe pale pale mabua yalipo, mvua zikianza, mbingu zimwagie. Zikizidi, lifunikwe kwa nyasi, vinginevyo virutubisho vinachujwa chini.

Pia tuache kuwadanganya kuhusu wingi. Mboji yenye naitrojeni asilimia 1, tani 5 kwenye hekta ni kilo 50 tu za naitrojeni, na msimu wa kwanza mmea unapata sehemu ndogo ya hizo. Lundo moja halitoshi shamba zima. Aweke kwenye mashimo ya kupandia, si kutawanya, na abakize mistari kadhaa bila mboji. Wakati wa kuvuna atalinganisha mwenyewe. Shamba darasa, yaani wakulima kujifunza kwa kujaribu shambani wenyewe, ndivyo linavyokwenda.

Kijana_wa_Ugani:
Nimewaelewa, asanteni. Yule wa nyanya je?

Mama_Vitalu:
Muulize majani yalikuwaje. Yamekauka kingo kama yaliyoungua? Hiyo ni samadi mbichi, ya kuku hasa. Aiache iive kwanza.

Kijana_wa_Ugani:
Nimempigia sasa hivi. Anasema machipukizi yamejikunja na kusokotana, hayajaungua. Samadi aliletewa kutoka kwa mfugaji anayelisha nyasi za kununua.

Mama_Vitalu:
Eeh, hapo nashuku dawa ya magugu. Zipo zinazopuliziwa malishoni, kama aminopiralidi na klopiralidi, zinapita tumboni mwa ng'ombe na kutoka na samadi bado zina nguvu. Hata kwenye mboji zinachelewa kuisha. Ajaze vyombo viwili, kimoja udongo mtupu, kingine udongo na samadi hiyo, apande maharage kote. Ndani ya wiki mbili tatu, ya chombo chenye samadi yakijikunja peke yake, jibu analo. Hapo asiiweke tena kwenye nyanya, viazi wala jamii ya kunde. Mahindi huivumilia. Na amuulize huyo mfugaji nyasi zilipuliziwa nini kabla hajapakia mzigo mwingine.